Juu ya nini wachezaji wangu wanataka paka dunia ya wafalme na ngome?

Mwongozaji_Katindo, Goma

Bandugu salamu. Niko na swali inanisumbua tangu wiki mbili, nataka mutu anachezaka kabisa njo anijibu, hata jibu ikuwe ndefu nitasoma yote.

Tunacheza michezo ya hadithi ku meza: mwongozaji anaelezea dunia, kila mchezaji anaongoza mutu mumoja ndani ya hadithi, na dadu inaamua kama anaweza. Tuko watu sita, mimi naongoza na batano wanacheza, kila siku ya posho saa nane mu salo ya wazazi wangu ku Katindo. Kuran ikiwa iko tunawasha taa, ikikosa tunasogeza meza ku dirisha. Tulianzaka na dadu za ludo, kisha rafiki mumoja akatuletea zile za pande 20 kutoka Kampala, sasa kila mutu iko na yake na hakuna anagusa ya mwenzake. Mwaka muzima tumecheza mu dunia ya zamani: mfalme, ngome ya mawe, wachawi, msitu wenye watu wanaingia na hawatoke. Ilienda muzuri kabisa, siku zingine mama alikuwa anakuja kuwafukuza juu saa tatu ya usiku imefika na wao bado wanabishana kama wafungue mulango ao waiache.

Basi nikasema tubadilishe. Nikaandika dunia mupya, mji kama huu wetu, pikipiki, telefone, mabiro, wakubwa wenye walinzi wa bunduki, na uchawi unajificha chini ya yote hiyo. Nilijaza kaye mbili. Nilichora avenyi zote. Nilifikiri watafurahi juu ni vitu wanajua, hakuna kumuelezea mutu taksi iko nini. Kumbe siku ya kwanza walicheza kwa adabu, ile adabu ya mugeni mwenye anamaliza chakula hakupenda. Siku ya pili saa kumi tulikuwa tumemaliza. Na ule mudogo kati yao, iko na miaka 17, wakati anavaa viatu akaniuliza polepole, yaya, tutarudi lini kwa mfalme?

Sijakasirika, nataka kuelewa tu. Hakuna hata mumoja kati yetu ameona ngome na macho yake, hapa Goma mawe tunajua ni ya volkano. Sasa ile dunia ya zamani inawapa nini yenye yangu haiwape? Ni mazoea, ao filime, ao kuko kintu mimi sioni?

Kadutu_Dadu, Bukavu

Telefone. Ukitaka jibu ya neno moja njo hiyo.

Nimeongoza miaka ine, dunia zote mbili. Mu dunia ya zamani wachezaji wakiokota barua yenye muhuri ya mfalme na wanataka kujua kama ni ya kweli, lazima watembee siku tatu mpaka kwa muzee mwenye anajua mihuri, na mu zile siku tatu daraja imebomoka, kuko mama na mutoto mugonjwa ku njia, kuko watu wawili wanawafuata kwa mbali na haijulikane kama ni wezi ao wanaogopa tu kutembea peke yao, na wakifika kwa muzee wanakuta amekufa jana, binti yake njo amebaki na vitabu na hataki kufungulia mutu. Hadithi yote imezaliwa ku njia. Mu dunia ya leo wanapiga muhuri foto, wanatuma, jibu inarudi mbele chai ipoe. Nilijaribu kusema rezo haiko. Mara ya kwanza wakakubali, mara ya tano mumoja akaniambia kaka, kama hutaki tuite mutu sema tu. Alikuwa na haki.

Babu yangu alitembeaka na miguu kutoka Bukavu mpaka Kamituga kutafuta kazi mu madini, na mpaka leo akianza kuelezea ile safari watoto wanakaa kimya: alilala wapi, nani alimupa maji, mto gani ulimurudisha nyuma. Mutu mwenye alipanda ndege juzi kwenda Kinshasa anakuelezea bei ya tiketi na amemaliza.

Kintu ya pili ni uhai. Mutu iko na alama 20, upanga inamupata anapoteza 6, ninasema imepita ku bega, ngao ilishika nusu, kila mutu ku meza anaona na anaamini. Risasi ikimupata na ninasema umepoteza 6, wanaangaliana. Hapa kwetu kila mutu anajua risasi inafanya nini. Basi ao niue mutu mumoja kila siku ya mchezo, ao niwadanganye, na mi kudanganya wachezaji sipendi.

Vye_Himbi, Goma

Mudogo wangu wa Kadutu amesema kweli, lakini tusisahau nani alikata njia ya kwanza. Michezo hii ilizaliwa Marekani mu michezo ya vita ya askari wadogo wa kuchonga, ile watu wanapanga ku meza kubwa. Mu 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitosha Chainmail, kanuni za vita za Ulaya ya zamani, na ku mwisho wakaongeza kipande ya mazimwi na wachawi. Dave Arneson akatumia zile kanuni mu dunia yake ya Blackmoor, na kule mutu haongoze tena jeshi, anaongoza mutu mumoja tu, anamushusha mu mashimo chini ya ngome, akipona leo anarudi kesho na nguvu zaidi. Gygax na Arneson wakaungana, mu 1974 Dungeons & Dragons ikatoka. Miaka tatu kisha, 1977, Traveller ilikuja na vyombo vya kwenda ku nyota, basi hakuna mutu alikatazwa kucheza dunia ya wakati ingine. Lakini daraja za kupanda, ngao yenye kuhesabiwa, hazina chini ya udongo, vyote vilishonwa ku kipimo ya ngome, na ukivalisha mji ya leo ile nguo inabana ku mabega.

Sasa musikilize, juu hapa njo nabishanaka na wachezaji wangu. Ile zamani ya mchezo haikuwaka vile. Nguo ya chuma yenye kufunika mutu kutoka kichwa mpaka kidole ya mguu, ile yenye kila mutu anachora ku karatasi yake, ni ya miaka ya 1400, na wakati ule mizinga ilikuwa tayari Ulaya. Kuta za Constantinople, 1453, zilibomolewa na mizinga ya Waturuki. Basi ukitaka kweli ya historia, mwenye nguo ya chuma na mwenye baruti wanaishi siku moja. Na ile nyumba ya wageni ku njia panda, wachezaji wanafika usiku wanaomba supu ya viazi, viazi vilitoka Amerika kisha 1492! Sasa mi nauliza, juu ya nini meza zote zinaondoa bunduki na zinaacha viazi? Haiko historia wanatafuta. Wanatafuta kintu ingine.

Nyota_ya_Virunga, Goma

Vye, ile swali ya mwisho nitakujibu mimi, juu mimi ni mumoja wa wale wanaoondoa bunduki.

Mwisho wa Januari 2025, wakati vita iliingia Goma, sisi tulilala mu koridori, mama, wadogo wangu na watoto wa jirani, juu koridori iko kati ya kuta mbili. Maji hakuna, kuran hakuna, unasikia tu na unahesabu kama imekaribia ao imeenda mbali. Kisha miezi tukaanza tena kucheza, na mwongozaji wetu, muzuri sana, hana kosa, alikuwa anaelezea vita mu mji wa leo na akapiga meza na kiganja kuonyesha muliyo wa bunduki. Nilitoka inje. Nilisimama mu parsel karibu na tanki ya maji mpaka walikuja kunitafuta. Hakuna mutu aliniuliza kitu, walileta kiti tu.

Tangu ile siku nimefikiri sana ju ya utofauti. Risasi inatoka pahali huoni, mwenye kuitupa hakujue na haujue jina yake, na hakuna kintu ungeweza kumuambia. Mwenye upanga lazima akuje mpaka kwako. Unamuona anakuja. Uko na wakati ya kusema kaka ngoja, ya kumuuliza nani amekutuma, ya kupiga magoti, ya kumupa mukate, ya kukimbia ku mto. Mu grupu yetu mara mingi sana tunafika ku vita na hatupigane, juu mumoja wetu ameongea. Mi kwa mchezo naitwaka muongeaji, mutu wangu hana hata silaha, iko na fimbo na maneno, na amepona daraja saba za nguvu. Mu mji wenye bunduki mutu kama ule angekufa siku ya kwanza, mbele ya kufungua kinywa.

Basi Mwongozaji, kaye zako mbili ziko muzuri, nina uhakika. Lakini uliwaletea ku meza kintu yenye wanakimbia siku sita, na siku ya posho njo ilikuwa siku yao ya kutoka.

Mwana_wa_Beni, niko Goma

Dada Nyota, nasoma neno zako kwa heshima. Ila kwetu haikuwa risasi tu. Kwetu panga njo ilikuja, usiku, ku mashamba, na wenye waliishika hawakungojea mutu aongee. Mimi siwezi kuketi mu mchezo mutu anasema anatosha panga yake. Ndio maana nachezaka ile ya nyota, chombo iko mbali na dunia, mashini, sayari haina majani. Wanasema ni baridi, mi napenda ile baridi.

Basi msiseme zamani inapumzisha watu wote.

Nyota_ya_Virunga, Goma

Kaka pole sana. Umenifundisha, niliandika upanga kama vile ni kintu ya hadithi kwa kila mutu.

Sisi tulianza kuweka karatasi nyekundu katikati ya meza. Mutu akiigusa tunaruka ile pahali, hakuna kuuliza juu ya nini, mwongozaji anasema "kisha ikakuwa asubuhi" na tunaendelea. Jueni kwamba imeguswa na watu sikufikiria, mumoja aliigusa ju ya mutoto mwenye amepotea sokoni, mwingine ju ya volkano. Nilifikiri volkano ni kintu tunaongea kila siku, kumbe nyumba yao ilibaki chini ya lava 2021.

Kenya_Lshi, Lubumbashi

Bandugu ba Kivu jambo yenu. Minasoma bote na minaona muko naongea sawa vile zamani ni ya Bulaya tu, ngome, nguo ya chuma, supu ya viazi. Shiye huku tulikuwaka na shida ya Mwongozaji kabisa, batu banakatala mji ya leo, na mi sikuwarudisha kwa mfalme wa Bulaya, niliwapeleka kwa Mulopwe.

Mulopwe njo mfalme wa Baluba, batu ba huku Katanga. Masimulizi ya kale inasema kulikuwaka Nkongolo, mfalme mwekundu, mukali, mwenye kula mbele ya batu na kucheka kwa sauti. Kukakuja mugeni kutoka mashariki, muwindaji, Mbidi Kiluwe, mutu wa adabu mpaka hakukubali batu bamuone anakula. Mbidi alizaa na dada ya Nkongolo, mutoto njo Kalala Ilunga. Mutoto akakomaa, akakuwa hodari, Nkongolo akaogopa. Akachimba shimo, akapanda mikuki ndani, akafunika na mikeka, akamuita Kalala akuje kucheza ngoma pale pale juu. Na mupiga ngoma njo alimuokoa, alimuambia na ngoma yenyewe, mudundo ikasema usikanyage pale. Bandugu, mi nimeongoza miaka sita na sijaona mutego ya shimo inapita hiyo. Niliiweka ku meza bila kubadilisha kintu. Muchezaji mwenye alikuwa na ngoma alipoelewa kwamba ni yeye tu anajua, na kwamba akisema na kinywa atauawa, salo yote ilinyamaza.

Ramani munatafuta? Baluba balikuwa na lukasa, kipande ya mbao ya kushika mu mukono, imejaa shanga, mwenye kufundishwa anapitisha kidole na anasoma wafalme, safari, pahali patakatifu. Balinzi ba ile kumbukumbu baliitwaka bambudye. Mi nilitengeneza moja na kipande ya ubao na shanga za sokoni, wachezaji banaigusa, kila rangi ni jambo moja, na mwenye kucheza mbudye peke yake njo iko na ruhusa ya kusema inasema nini. Hakuna karatasi ya hazina imewafurahisha vile.

Pesa? Misalaba ya shaba. Ku Sanga, karibu na ziwa Kisale, bachimbaji ba mambo ya kale balikuta ile misalaba mu makaburi, na shiye Bakatanga tunaijua hata ku bendera ya 1960, mitatu. Mi nilikata ku karton. Muchezaji akilipa muhunzi anamuhesabia misalaba ku mukono, na muhunzi haiko mutu wa kutengeneza chuma tu, batu banamuogopa, moto yake iko na siri, kumukasirisha ni hatari kupita kukasirisha askari.

Na ju ya chakula, Vye umenifurahisha na viazi, juu hata shiye tulikosea. Siku ya kwanza niliwapikia wasafiri bukari ya muhindi na sombe, majani ya muhogo. Muhindi imetoka Amerika! Muhogo pia! Maharagi pia! Nilirudia nyuma nikaandika mutama, ulezi, samaki ya Upemba, nyama ya kuwinda. Wachezaji balicheka kisha bakaanza kuuliza, basi babu zetu balikuwa nakula nini, na tulipita nusu saa pale, na mi nilifurahi kupita vita yote ya ile siku.

Kwa hiyo jibu yangu kwa Mwongozaji: wachezaji yako bakisema mfalme, uwaulize kwanza bo banataka nini ndani ya ile neno. Bangu balitaka mutu mwenye nguvu mwenye banaweza kufika mbele yake na miguu yao na kumuambia umekosea. Mu dunia ya leo mwenye nguvu iko mbali, iko nyuma ya bureau, nyuma ya sinyatire, hujue hata mulango yake. Nkongolo unamukuta anakula.

Vye_Himbi, Goma

Mudogo wa Lubumbashi asante sana, umetuambia kintu tulipaswa kujisemea sisi wenyewe, juu sisi wa Kivu ya Kaskazini tuko na Mwindo hapa hapa Walikale. Wanyanga wanaimbaka ile hadithi. Shemwindo wa Tubondo hataki mutoto mwanaume, Mwindo anazaliwa na kongwa yake, usinga wenye nguvu za uchawi, mu mukono, baba anamufunga mu ngoma na kumutupa mu mto, na mutoto anapona, anamufuata baba mpaka dunia ya chini. Na kuko Kirimu, zimwi la vichwa saba. Mwindo anamuua, kumbe Kirimu alikuwa rafiki ya Nkuba, radi, na Nkuba anakuja kumupandisha Mwindo mbinguni kumufundisha, anateswa na baridi na jua mpaka anaelewa kwamba hata kuua zimwi kuko na deni.

Miaka yote nimeua mazimwi ku meza yangu na hakuna siku niliuliza zimwi lilikuwa rafiki ya nani. Ile nitaitumia.

Kadutu_Dadu, Bukavu

Kenya, ile lukasa yako unaweza kutuma foto?

Mwongozaji_Katindo, Goma

Bandugu nimesoma yote mara mbili, mara ya pili na mama karibu yangu, aliniuliza Kirimu iko nini nikamusomea.

Jana niliwaita batano bote, bila dadu, tukakula samaki sambaza na ndizi tu, nikawauliza kama Kenya alisema. Mudogo wa miaka 17 alisema yeye anapenda juu mu dunia ya mfalme akiweka ahadi watu wanaikumbuka. Wawili walisema ni safari, kama Kadutu. Wa ine alisema hajui, anapenda tu harufu ya ile msitu, na mi nilishangaa juu harufu ile sikuielezea hata siku moja, amejitengenezea mwenyewe. Wa tano hakusema kintu mpaka mwisho, kisha akasema yaya, zile avenyi ulichora, moja njo ya kwetu, na ku kona yake uliweka wenye bunduki. Nilirudi ku kaye kuangalia. Ni kweli. Nilichora bila kufikiri.

Nilimuomba musamaha. Zile kaye sitazitupa lakini nimeziweka juu ya kabati.

Siku ya posho tunaanza kwa Mulopwe. Nimekata misalaba 40 mu karton ya sabuni, karatasi nyekundu itakuwa katikati ya meza, Nkongolo amekwisha kuchimba shimo. Mwana wa Beni, yenye ulisema imeniingia, mu hii yetu vita itakuwa kidogo, na mikuki ile ya shimo naweza kuiondoa, shimo peke yake inatosha. Nafasi moja iko, ya mupiga ngoma, juu kati yangu batano kila mutu amekwisha kuchagua na hakuna aliichukua, wanaogopa ile kazi ya kujua na kunyamaza.

Nyota_ya_Virunga, Goma

Mi niko Ndosho, kufika Katindo ni moto moja. Naomba ile ngoma.

Mwana_wa_Beni, niko Goma

Mikuki uiondoe kweli. Mi naweza kuja kuangalia tu, siku ya kwanza?

Mwongozaji_Katindo, Goma

Ukuje. Nitaweka kiti karibu na dirisha. Saa nane.